Uso wa Bibi na Vipakti vya Mama Mdogo

Wiki iliyopita niliingia duka la vipodozi hapa Handeni kununua sabuni ya kuogea, sabuni tu, na binti wa dukani akanisukumia mkononi vipakti viwili vidogo. "Vya kujaribu hivyo, dada. Sampo. Paka leo, kesho utakuja mwenyewe kunishukuru." Nilitoka navyo nikasimama barazani nikicheka peke yangu, mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama ninaenda au siendi. Laiti ungekuwepo nyumbani kwetu Manundu enzi zile, nawe ungecheka. Lakini hukuwepo, kwa hiyo vuta kiti nikusimulie.

Tuliishi kwa bibi mzaa mama, pale Korogwe mjini, kwenye nyumba yenye ua wa mabati na jiko la nje lililokuwa linanukia moshi na mboga ya mchunga tangu asubuhi mpaka jioni. Kipodozi chetu kilikuwa kimoja: kopo la mafuta ya mgando lililokaa juu ya kabati. Tuliyapaka usoni, tuliyapaka kwenye visigino, na bawaba ya mlango ikianza kulia bibi aliipaka hayo hayo. Kabla ya kwenda shule alituita mmoja mmoja akatusugua mpaka tukang'aa. Tukitoka barabarani vumbi lote la Manundu linatuganda, na tukifika shule mwalimu wetu anauliza kama tumekuja kwa miguu au kwa kubingirika.

Kisha mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, akapata kazi kwenye duka la vipodozi karibu na stendi. Kila mzigo mpya ulipoingia, tajiri wake alimpa vipakti vya bure avijaribu, ili wateja wakiuliza awe na la kuwaambia. Alikuja navyo jioni kwenye mfuko wa nailoni, akavimwaga mkekani, na sisi watoto tukavirukia. Kimoja kilinukia tango, kingine papai, kingine asali, na kimoja kilinukia kahawa hasa, kahawa ya kunywa. Bibi alivinusa kimoja kimoja, akasonya. "Wenzenu wanatafuta cha kula, hawa wanajipaka chakula usoni."

Hakutukataza. Aliweka sharti. Bibi alizaliwa Vugiri, kule mlimani, na katika malezi yake mtu hakupi kinywaji kabla hajakionja mbele ya macho yako. Huko ndiko kutoa sumu. Nyumbani kwake hata uji wa mgonjwa ulionjwa kwanza na aliyeupika. Basi akamwambia mama mdogo, "Kitu cha dukani hakigusi ngozi ya mjukuu wangu mpaka wewe uliyekileta umekitoa sumu. Jipake, tukuangalie."

Sasa fikiria mwenyewe. Vipakti ni vingi, uso ni mmoja. Mama mdogo alijigawa kama shamba la urithi: shavu la kulia losheni ya tango, la kushoto krimu ya papai, kwenye paji la uso asali, kidevuni kitu ambacho hata mwalimu wetu, aliyekuwa jirani wa nyumba ya pili, alishindwa kusoma maandishi yake. Asubuhi alikwenda kazini shavu moja likimetameta na jingine limepauka. Kidevu kilitoka vipele kwa wiki nzima. Bibi alikuwa akipita karibu yake anasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Na angekuwa mtoto je?"

Balaa kubwa lilikuwa maski ya udongo. Huu ni udongo wa kijivu, unajipaka uso mzima, unasubiri ukauke ndipo unaosha. Mama mdogo alitupaka mimi na dada yangu, baada ya kujipaka yeye kwanza, na kwa kuwa alitujua kwa midomo yetu akatutisha. "Sikilizeni. Ukiongea au ukicheka kabla hii haijakauka, ule mkunjo unaoukunja unabaki hapo hapo mpaka unazeeka. Hautoki tena." Uongo mtupu, alitutungia ili tutulie. Lakini alivyousema, hata bibi, aliyekuwa anachambua mboga pembeni, aliinua macho.

Tulikaa mkekani tumetumbua macho kama vinyago. Ndipo mama jirani akapiga hodi, amekuja kuazima chekecheke. Hakuna aliyeitika. Bibi alikuwa ameshaingia jikoni. Mama jirani akasukuma geti, akatukuta watu watatu wenye nyuso za kijivu tunamtazama bila kutamka neno. Alisema "Audhubillahi!" akatoka mbio, na kandambili yake moja ikabaki kwetu. Nilibana kicheko mpaka machozi yakanichimbia mifereji miwili kwenye udongo.

Hadi hapo bibi alikuwa anatazama tu. Lakini bibi alikuwa na jambo lake moyoni, nalo linahitaji maelezo kidogo.

Alikuwa na dada yake mmoja tu, aliyeolewa huku Handeni. Sisi tulimwita bibi wa Handeni. Huyu ndiye mkubwa, na si kwa mwaka mmoja. Alimbeba bibi yetu mgongoni. Ila bibi wa Handeni aliolewa na fundi cherehani, akaishi kivulini akishona vifungo, na bibi yetu alilima maharage mlimani, kisha akakata kuni, kisha akapuliza moto miaka yote hiyo. Jua na moshi vikamzeesha mapema, akaonekana mkubwa kuliko dada yake. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayokusimulia, kulikuwa na harusi ya mjukuu wa bibi wa Handeni. Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayometa, akawaona dada hawa wawili wamekaa pamoja, akashika kipaza sauti na kumwelekezea mkono bibi yetu. "Na sasa, kwa heshima kubwa, tumwombe mama mzazi wa bibi mwenye shughuli asimame tumwone! Bado anadunda!"

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Na bibi wa Handeni akacheka. Alicheka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Bibi yetu angemsamehe yule kijana, maana hakujua. Kile kicheko ndicho hakukisamehe.

Kuanzia siku hiyo aliacha kumwamkia dada yake. Mtu aliyemwamkia shikamoo tangu alipojua kusema, alianza kumpigia simu na kusema, "Hujambo, mwanangu?" Mama mdogo alipomsihi, alijibu, "Si wamesema mimi ndiye mama yake? Mama anamwamkia mtoto?" Bibi wa Handeni naye alikuwa na hasira zake. Alikata simu. Baadaye wakaacha kupigiana kabisa, wakawa wanapata habari zao kupitia kwetu. Mama mdogo alikuwa akiliongelea jambo hilo jikoni kwa sauti ya chini, anasema mmoja wao atakufa hawajasemezana, na sisi watoto tuliacha kula tukimsikia.

Kipaimara cha dada yangu kilipokaribia, bibi wa Handeni akatuma salamu kuwa atakuja. Mtoto hana kosa, alisema. Atafika Jumamosi jioni, Jumapili kanisani, na mpiga picha ameshalipwa.

Bibi aliposikia habari ya mpiga picha alijigusa shavu. Kesho yake jioni mama mdogo alipomwaga vipakti mkekani, bibi akaja akakaa katikati yetu. "Huyu mwenzenu kidevu kimeshaharibika," alisema. "Kuanzia leo sumu natoa mimi. Mimi ni mtu mzima, nikidhurika nimeshaishi."

Tukaona ni upendo. Na alitutolea sumu kwa moyo wote! Alitoa sumu ya tango asubuhi, akatoa sumu ya papai baada ya chakula cha mchana, na ya asali akairudia, kwa sababu, alisema, ile ya kwanza hakuisikia vizuri. Sisi tulipouliza zamu yetu lini, alijibu kwamba bado ana wasiwasi. Siku moja nilimkuta chumbani na kioo cha ukutani mkononi, anavuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni, anaiachia, anaivuta tena. Mama mdogo aliona vipakti vinavyokwisha, akaona na kioo kimehama ukutani. Alileta vingine.

Jumamosi mchana ulibaki udongo. Bibi aliuomba mwenyewe, na safari hii hakutaja sumu. "Nipake," alimwambia mama mdogo, "na uupake mnene." Alijilaza kwenye mkeka pale uani, mikono kifuani, uso wote kijivu. Mama mdogo akaenda sokoni kununua nazi, akanipa mimi kazi ya kumpepea bibi ili udongo ukauke upesi. Dada yake angefika na basi la jioni. Muda ulikuwepo tele.

Lakini bibi wa Handeni alipata lifti ya gari la mahindi.

"Hodi hapa!" Ile sauti niliitambua, na bibi aliitambua kabla yangu, maana vidole vyake vilikaza. Udongo bado mbichi. Nikamtazama, akanitazama, akanipa ishara ya jicho niende nikapokee. Mimi nikatoka mbio mpaka getini. Bibi wa Handeni alikuwa amesimama nje, kuku wa kienyeji kwapani, kidumu cha asali mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Bibi yako yupo?"

"Yupo uani."

Habari ya udongo niliona aibu kuitaja. Bibi wa Handeni akainua sauti juu ya mabati. "Mdogo wangu! Nimefika!"

Kimya. Kuku peke yake ndiye aliyejibu. Akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa imepungua. Kimya. Nikaona uso wake unabadilika, ule uso laini tuliokuwa tunaambiwa habari zake. Akaweka kidumu chini, akanipa kuku. "Chukua, mpe mama yako mdogo. Mwambie dada yako Mungu ambariki. Nimetoka kote huko, nimemwita mara mbili, ananinyamazia. Hapa si kwangu." Akageuka. Alikwishapiga hatua kadhaa kuelekea barabarani, na mimi nimekumbatia kuku, nimeduwaa.

Kumbuka bibi aliamini. Mama mdogo hakuwahi kumwambia kuwa ule ulikuwa uongo wa kutisha watoto. Pale alipolala alijua kwamba akifungua mdomo, kila mkunjo utakaojikunja utabaki usoni mwake maisha yake yote, na kesho kuna mpiga picha.

"Shikamoo dada!"

Ilitoka kwa nguvu ambazo sikuwahi kuzisikia kwa bibi. Kuku alinitoka mikononi. "Shikamoo dada! Shikamoo! Usiondoke!" Akatokea getini anakimbia, khanga imemlegea, udongo umepasukapasuka na vipande vinamdondokea kifuani.

Bibi wa Handeni aligeuka, akaruka nyuma, akashika kifua. Akatazama. Midomo ikaanza kumcheza, na mimi nikaogopa kweli, nikajua akicheka yameisha. Hakucheka. Alimsogelea, akamfuta udongo kwenye jicho kwa kidole gumba. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mdogo wangu. Umejifanya nini?"

"Nimeharibika," bibi akasema, na akaanza kulia. "Sasa haitoki tena."

Ilibidi mama mdogo arudi na nazi zake akiri uongo wake palepale getini, na hapo ndipo walipocheka, wote wawili, wakashikana mabega wasidondoke. Mama jirani alichungulia, akaona uso wa kijivu tena, akarudi ndani kwake. Alasiri ile bibi wa Handeni naye aliudai udongo wake. Mama mdogo alipotaka kujipaka kwanza, alimzuia. "Mdogo wangu ameshanitolea sumu." Wakalala mkekani wawili, wanapiga soga mfululizo, udongo unapasuka, hawajali. Kuku tulimpata kwa mwalimu, akaliwa usiku na wali wa nazi.

Jumapili mpiga picha aliwapanga, akauliza nani mkubwa amweke kwenye kiti. Bibi alimsukuma dada yake kwa kiwiko. "Huyu. Mimi nasimama, mimi ni mdogo." Kwa kweli, uso wa bibi ulikuwa ule ule wa zamani.

Nyumba ya Manundu imeuzwa, ua umejengwa fremu za maduka. Mama mdogo ana duka lake Masuguru na anauza kila kitu isipokuwa maski ya udongo. Siku hizi watoto wanajaribu vitu hivi mbele ya simu, mmoja mmoja chumbani, na hakuna anayekaa mkekani kumwangalia mwenzake.

Bibi wa Handeni alitangulia mwaka juzi. Tulikuja kumzika huku, na watu walipanga foleni kumpa pole bibi yetu, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja anainama. Shikamoo bibi. Marahaba. Shikamoo bibi. Marahaba. Aliitika wote bila kuchoka. Walipoisha nilimletea maji, nikayaonja kwanza, nikampa. Aliyashika bila kuyanywa, anaangalia mlango ambao watu walikuwa wametokea.

"Wote wameniamkia," alisema. "Mimi sasa nimwamkie nani?"