Matofali Yaliyopandishwa Wundanyi

Kamati iliyokuwa ikifungua upya lile jengo la matofali pale Wundanyi iliniomba niandike historia yake. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na walijua mama yangu ni kati ya wachache waliobaki walioliona likijengwa. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe alilijenga.

Nikaenda kwake Chawia na daftari. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Akaniambia yeye na wenzake walikuwa wasichana wa rika moja. Tanuri lilikuwa bondeni karibu na maji, jengo huko juu. Walipandisha matofali mgongoni, kamba kwenye paji la uso, tangu asubuhi hadi jioni. Mmoja wao, rafiki yake wa kwenda naye kuchota maji, aliteleza siku ya mvua, mzigo ukamwangukia kifuani. Hakuinuka tena.

"Kesho yake tukapanda kama kawaida," mama alisema. "Mnyapara alituambia matofali hayajibebi."

Akanishika mkono, akapeleka vidole vyangu kwenye paji lake. Pana kibonde pale, cha kamba. Miaka yote nilidhani amezaliwa nacho.

Niliandika kila kitu. Jengo lilianza kama ghala la wakoloni, likawa mahakama ndogo, likawa ofisi, mwishowe likaachiwa popo. Lakini kurasa mbili nzima zilikuwa za wale wasichana.

Siku ya sherehe mama alivaa gauni lake la kanisani, akakaa safu ya tatu. Aliyepewa kuisoma historia yangu akamtaja afisa Mzungu aliyechora ramani. Akamsifu fundi kutoka pwani aliyejenga madirisha ya tao. Akawashukuru wafadhili. "Na jengo likasimama," akasema, watu wakapiga makofi.

Nilimfuata mwenyekiti wa kamati nyuma ya hema.

"Zile kurasa ziko wapi?"

"Mwalimu, usikasirike. Wageni wametoka mbali kuja kufurahi. Tuwaletee mambo ya maiti?"

"Basi mngesema tu kwamba walibeba."

"Taita hii, nani ambaye nyanya yake hakubeba kitu?" Akacheka, akaenda kuwakaribisha wageni kwenye chakula.

Kipaza sauti kilikuwa pale jukwaani, hakina mtu. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba ukweli husemwa hata sauti ikitetemeka. Sikupanda. Nilirudi kwenye kiti changu, mama akanivuta mkono. Siku hizi hasikii vizuri.

"Watatusoma saa ngapi?"

"Wameshasoma, mama. Hizo spika ndizo zimekuharibia."

"Na yule mwenzangu? Wamemtaja?"

"Wamemtaja."

Akafuta macho kwa ncha ya leso, akakaa wima kuliko nilivyomwona kwa miaka. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa shukrani: hatimaye serikali imewakumbuka. Watu wakaja kunipa mkono. Nikaupokea kila mkono.

Wiki iliyopita mama mmoja alikuja nyumbani kwangu kutoka Bura. Ni mtoto wa dada yake yule msichana aliyekufa. Alikuwa amesikia habari, akataka nakala ya maneno yaliyosomwa, ayatie kwenye fremu ukutani.

Nikamletea zile kurasa mbili. Akazisoma akiwa amesimama mlangoni, taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Ndivyo walivyosoma hivi, mbele ya wale wakubwa wote?"

"Ndivyo," nikasema.

Akanikumbatia. Nilitamani anizabe kofi.