Wageni wa Zizini kwa Karwirwa

Huku kwetu juu ya Kianjai, mtu akipotea njia na jioni imemkuta, alikuwa anaambiwa neno moja tu: nenda kwa Karwirwa. Kwake hukuulizwa jina kabla ya kupewa kikombe. Kuna afisa mmoja wa mifugo aliwahi kufika pale amefura kwa hasira, anamtafuta mtu mwingine kabisa aliyekataa kuogesha ng'ombe wake, akakosea lango. Alitoka saa kumi jioni ameshiba mukimo, amebeba mayai kwenye kofia, na amesahau alikuwa anamtafuta nani. Basi huyo ndiye Karwirwa.

Msidhani alikuwa mpole. Karwirwa mpole? Thubutu! Mdomo alikuwa nao, na maringo alikuwa nayo, wala mimi sioni ubaya. Mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka thelathini na miwili kukamua ng'ombe kumi na mmoja ana haki ya kuringa kidogo. Lakini maringo yake yote yalisimama juu ya jambo moja: hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake akinung'unika. Jina hilo alilitunza kuliko alivyotunza shamba lenyewe.

Zizi lake lilijengwa na marehemu mumewe, Gitobu, kwa mawe ya kuchonga, paa likiwa juu sana na upande mmoja ukiachwa wazi kutazama ziwa. Ziwa si kubwa. Ukiita upande huu, mtu wa upande ule anakuitikia. Lina matete kando yake na bata wa mwitu, na asubuhi ukungu hulala juu ya maji mpaka jua lipate nguvu. Watu walimcheka Gitobu kwa kuwapa ng'ombe mahali pazuri kuliko pale alipompa mkewe. Yeye aliwajibu kwamba ng'ombe anayetazama maji hunywa vizuri, na anayekunywa vizuri hutoa maziwa, na kama mnabisha njooni mpime ndoo.

Gitobu akafa, magoti ya Karwirwa yakachoka, na ng'ombe wakauzwa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Ntune, ng'ombe mwekundu. Siku Ntune anapakiwa kwenye lori, Karwirwa alijifungia chooni asimwone akiondoka. Zizi likakaa tupu miaka minne, lakini kila Jumamosi alishika ufagio akalifagia lote.

"Sasa unamfagilia nani?" majirani walimuuliza.

"Mbona mimi siwaulizi nyinyi huwa mnamchania nani nywele?" aliwajibu, akaendelea kufagia.

Ndipo Winrose, binti yake wa kwanza, akarudi nyumbani. Miaka tisa alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli za pwani, na alirudi na wazo lake kamili kichwani.

"Mama, watu wa mjini wamechoka na kuta," alisema. "Wanataka kulala kama wako kambini, karibu na maji, lakini kwa kitanda safi na maji ya moto. Zizi letu lina kila kitu."

"Lina kila kitu cha ng'ombe. Hata wewe uliponiudhi namna gani sikukulaza zizini, sembuse mgeni!"

Walivutana mwezi mzima. Mwishowe Winrose akamwambia, "Nipe wageni wa kwanza tu. Wakitoka hapa wakinung'unika, unalifunga zizi na mimi narudi pwani." Karwirwa alimtaka binti yake nyumbani, hilo halikuwa siri. Akakubali, lakini shingo upande.

Fundi Mutwiri akaitwa. Zizi likagawanywa vyumba vinne, kufuata vile vile ng'ombe walivyokuwa wanasimama, na ule upande wa wazi ukafungwa kwa turubai nzito ambalo unalikunja asubuhi, ziwa lote likawa mbele yako kabla hujatoka kitandani. Stoo ya maziwa ikawa jiko. Ghala la mahindi, lile lenye miguu, likatiwa ngazi na kitanda cha watu wawili. Na hori refu la kunyweshea ng'ombe maji likasuguliwa, likapakwa saruji laini, likawa bafu la kuogea.

"Mtu mzima aoge alipokunywa Ntune!" Karwirwa alishika kichwa. "Hao wageni wako ni wagonjwa?"

Jambo jingine ni majina. Miaka ile, Karwirwa mwenyewe aliandika kwa rangi nyeupe jina la kila ng'ombe juu ya nguzo yake. Winrose alikataa kabisa yafutwe. Akasema vyumba vitapata majina yao humo humo.

Habari zikafika kanisani, maana zingekosaje kufika? Jumapili, baada ya ibada, jirani yao Purity aliuliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mama Winrose, ni kweli siku hizi kwenu mgeni akifika anawekewa nyasi?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Karwirwa alicheka pia, angefanya nini, lakini maneno yale yalimchoma. Siku hiyo hakula chakula cha mchana. Alijiona anapoteza kwa mikono yake mwenyewe jina alilolijenga maisha yake yote.

Wageni wa kwanza waliagiza vyumba viwili kwa siku ya Ijumaa: Liban, mfanyabiashara mwenye malori kule Maua, na mama yake. Walisema watafika saa kumi. Saa saba Winrose akateremka Kianjai kununua nyama kwa mchinjaji Mwislamu, ili wageni waweze kula bila wasiwasi. Saa nane honi ikalia langoni.

Karwirwa alikuwa amejiandaa kupokea vijana wa miwani ya jua. Badala yake, mlango wa gari ulifunguka akashuka mama mzee, fimbo mkononi, rika lake mwenyewe, akijikaza asionyeshe kwamba kiuno kinamuuma. Jina lake Ilwad. Karwirwa alimtazama akashtuka. Mama wa watu! Mama mwenye wajukuu, amelelewa kwa heshima zake, nimpeleke nikamlaze alipokuwa analala ng'ombe? Kicheko cha Purity kilimjia masikioni kana kwamba Purity yuko pale langoni.

Hakufikiri mara mbili. "Karibuni, karibuni nyumbani," akasema, akanyakua begi, akawapeleka nyumba kubwa moja kwa moja. Alivua mashuka ya kitanda chake mwenyewe, akatandika mapya, akapanga vitambaa vya kufuma kila mahali palipokuwa na nafasi. Liban akaonyeshwa makochi ya sebuleni. Chai ikaja, mayai yakaja, viazi vikaja.

"Mama, si tuliambiwa vyumba viko kule chini kwa ziwa?" Liban aliuliza kwa adabu.

"Kule chini kunarekebishwa," Karwirwa alijibu bila kupepesa macho.

Ilwad aliketi ukingoni mwa kitanda, akanywa chai, akasema asante. Kisha akatazama ukuta. Karwirwa alikuwa amepokea watu tangu ujana wake, na mgeni aliyevunjika moyo alimjua hata akiwa anatabasamu. Huyu wala hakuwa anatabasamu. Amekosea wapi? Chumvi? Mto mgumu?

Winrose aliporudi alimkuta mamake jikoni.

"Mama, gari liko hapa na zizi liko tupu. Wageni wako wapi?"

"Nimewaokoa."

"Umewaokoa na nini?"

"Na aibu! Yule ni mama mzima, Winrose."

Winrose aliweka nyama mezani, akavuta kiti. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mama, huyo Liban alinipigia simu mara tatu kuniuliza kama ni zizi la kweli, kama ng'ombe walilala humo kweli. Mama yake alifuga kule kaskazini tangu utotoni. Ukame ukamaliza mifugo yote, mtoto akamleta Maua ghorofani, na tangu siku hiyo usingizi hapati. Amekuja kwa sababu ya zizi. Wewe umempa kuta tena."

Karwirwa alisimama na mwiko mkononi, haoni anachokoroga. Kumbe jambo ambalo hakuna mtu amewahi kumsema nalo limetokea leo. Mgeni yuko kwake na hana furaha, na aliyemnyima furaha ni yeye mwenyewe, kwa kumhofia Purity! Alijikasirikia hata machozi yakamlengalenga.

Kuomba msamaha hakukuwa kazi yake. Watoto wake wanaweza kuhesabu mara alizowahi kuomba, na hawahitaji mkono wa pili. Lakini alifuta mikono kwenye leso, akabisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Mama Liban, nimekudanganya," alisema akiwa amesimama. "Kule chini hakurekebishwi kitu. Ni mimi niliona haya kukulaza zizini. Nisamehe."

Ilwad akajipiga paja kwa kiganja, pa! "Wallahi, njia nzima kutoka Maua nafikiria zizi, kumbe wewe umenificha! Liban, leta fimbo yangu!"

"Polepole, hooyo," Liban alimsihi mamake, lakini hooyo alikuwa ameshafika mlangoni.

Waliteremka wote. Winrose alikuwa ametandika mashuka meupe na kuweka taa nzuri za kila aina, lakini Ilwad hakuangalia taa wala kitanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akapitisha mkono pale mbao zilipong'aa kwa shingo za ng'ombe zilizojisugua miaka na miaka. Akaigonga sakafu kwa fimbo, akaona jinsi inavyoinama kidogo kidogo kuelekea mfereji.

"Aliyejenga hapa alijua ng'ombe."

"Alikuwa mume wangu."

"Na anayefagia?"

"Ni mimi."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Waliisha. Ni miaka minne sasa."

"Miaka minne, na bado unafagia." Ilwad alitikisa kichwa. "Hawa ng'ombe walikuwa na mwenyewe. Mimi nimefika mahoteli, huyu mtoto ananipeleka. Mahali pazuri nimeona. Mahali pa mtu aliyejua kazi yake, hapa ndipo nimeona. Wewe unaona haya ya nini?"

Karwirwa aliangalia zizi lake, mawe ya Gitobu, majina aliyoyaandika kwa mkono wake, ziwa lililojaa mlangoni, na kifua kikamjaa fahari, akalia papo hapo bila kujificha. Ile ndiyo kazi yake ya miaka thelathini na miwili, na alikuwa karibu kuikana mbele ya mgeni.

"Nieleze huyu," Ilwad alisema, akionyesha jina lililo juu ya nguzo.

Na Karwirwa akaanza. Akamweleza Ntune, ambaye hakukubali kukamuliwa na mtu mwenye haraka. Akamweleza Makena, mwizi wa mahindi, aliyejua kufungua komeo kwa ulimi. Ilwad naye akaleta habari za ng'ombe wake mweupe aliyetaka aimbiwe kwanza, na akimsikia mwimbaji amekosea wimbo anazuia maziwa. Walicheka kama wasichana. Chai ililetwa mara mbili, ikapoa mara mbili. Kitanda cha chumba cha Ntune Karwirwa alikitandika upya mwenyewe, Winrose akakatazwa kugusa, na Ilwad akalala humo mpaka jua likapanda juu ya ziwa. Liban alizunguka nje akitembea kwa vidole, anawaashiria bata wanyamaze. Walikuja kwa siku mbili, wakakaa nne. Siku ya kuondoka, Ilwad alimshika Karwirwa mkono langoni akamwambia, "Dada, nikirudi, usinipeleke ile nyumba yako."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mutegi, katibu wa kanisa, alisimama na daftari. Mhubiri mgeni anakuja kutoka Embu, yeye na mkewe, kwa mkutano wa siku nne. Nani atawapokea? Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa la kutimiza desturi tu, maana macho yote yalikuwa yanaenda kwa Karwirwa kabla halijakwisha kuulizwa. Siku hiyo macho yalitazama chini, halafu yakaenda kwa Purity, ambaye alikuwa ameshaanza kurekebisha kilemba chake.

Karwirwa akainuka. "Watakuja kwangu."

"Kwa nyumba ama kwa zizi?" Purity alinong'ona, kunong'ona kule kwa kusikika mpaka mlangoni. Benchi za nyuma zikacheka.

Karwirwa aligeuka polepole, kwa sababu ya magoti, na pia kwa sababu alitaka kila mtu amwone uso.

"Kwa nyumba huwa nalaza wageni wa kawaida," alisema. "Huyu ni mgeni mkubwa. Atalala zizini, chumba cha Ntune, atazame ziwa."

Mutegi alikohoa, kalamu juu ya daftari, asijue aishushe wapi. "Kwa hivyo, Mama, hapa mahali pa kulala, niandike..."

"Andika zizini kwa Karwirwa," alimwambia. "Na uandike vizuri, isomeke."