Unga wa Ubuyu Uliopita Langoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyoshika shati chafu la kaka yangu Nassur, uani kwa mkewe pale Moroni, nikaona damu kwenye mkono wa shati. Haikuwa nyingi. Yalikuwa madoa madogo, moja juu ya jingine, kama ya mtu anayejifuta mdomo kila mara.

Umekuja kuniuliza habari za ubuyu. Umesikia wageni wananunua unga wake kwa magunia, nawe unataka kuingia katika biashara hiyo. Nitakujibu, lakini kwa njia yangu. Kaa kwanza nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya mamluki. Walitua mwaka sabini na nane, wazungu wenye bunduki, wakabaki, wakawa ndio wanaowaongoza walinzi wa rais, wale tuliowajua kwa nguo zao nyeusi. Mtu alijifunza kushusha sauti hata ndani ya nyumba yake. Nassur alikuwa mwalimu wa hesabu. Alisema jambo mbele ya wanafunzi wake, mpaka leo sijui hasa alisema nini, na jioni moja gari likasimama mlangoni kwake. Hakushtakiwa wala hakuhukumiwa. Alifungwa tu, pamoja na wengine.

Mimi wakati ule nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali ya Hombo, Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Habari ziliponifikia niliomba likizo, nikapanda meli kwenda Moroni, kisiwa cha Ngazija. Nilikuwa nimejitanda shiromani yangu nyekundu, nguo wanayojitanda wanawake wa kwetu, na kila mtu bandarini Moroni akajua natoka Nzwani kabla sijafungua kinywa. Nilipokifungua, ndiyo kabisa. Wifi yangu Eshati, mke wa Nassur, alinipokea kwa kilio. Yeye naye hakuwa mwenyeji hasa. Alizaliwa Majunga, akaletwa Moroni na wazazi wake mwaka sabini na saba, Wakomori walipokimbia mauaji kule Madagaska. Basi tukawa wanawake wawili wageni, na mtu wetu yuko ndani.

Familia ziliruhusiwa kupeleka chakula langoni mwa gereza na kuchukua nguo za kufua. Zaidi ya hapo, hakuna. Uso wa mtu wako huuoni.

"Wanampiga," Eshati alisema alipoliona lile shati.

Nililigeuza kwenye mwanga. Halikuchanika popote, na mgongo wake ulikuwa na jasho tu.

"Damu hii inatoka kinywani, wifi," nikamwambia. "Wanakula nini mle ndani?"

Jibu tulilipata kwa jirani mmoja mzee aliyekuwa ameachiwa karibuni. Alizungumza huku kiganja kimefunika mdomo. Alisema ni wali mtupu, na samaki mkavu ikiwa siku ya neema. Tunda hakuna, jani hakuna, miezi kwa miezi. Fizi zinavimba, meno yanacheza. Kisha akaniuliza, "Nassur ana kovu gotini?"

"Analo," nikasema. "Alianguka kwenye ngazi za vichochoro vya Mutsamudu, tungali watoto."

"Limefunguka."

"Limefunguka vipi?"

"Lenyewe. Hakugongwa, hakuanguka. Limekuwa bichi kama kidonda cha jana."

Nilikuwa nimesoma habari za kiseyeye katika vitabu vya Kifaransa, maradhi ya mabaharia wa zamani waliokaa majini muda mrefu bila kula kitu kibichi. Nilisoma, nikafaulu mtihani, nikasahau. Sasa ndipo nilipoelewa nilichosoma. Kovu halifungwi mara moja likaisha, mwanangu. Mwili unalishona kila siku, kimya kimya, tangu siku ulipoumia mpaka siku ya kuzikwa kwako, na uzi wa kushonea unatoka katika vitu vidogo tunavyokula bila kuvifikiria. Uzi ukikatika, hata jeraha la utotoni linaachia. Nilikaa kizingitini nikatazama alama za mikononi mwangu, moja ya kisu, moja ya mafuta ya moto, nikaona haya kwamba nimetembea na muujiza huo miaka yote na sikuwahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Tulipeleka machungwa. Shati lililofuata likarudi na damu zaidi. Tukajua machungwa hayafiki, kwa kuwa walinzi nao ni vijana na machungwa ni matamu.

"Tupeleke kitu ambacho hakuna atakayekitamani," Eshati akasema. "Majunga tulikuwa tukimumunya ubuyu tukitoka shule. Mkavu, mchachu, unabana ulimi."

Nikakumbuka wakunga wetu wa Hombo walivyokuwa wakiwakorogea ubuyu wanawake waliojifungua, na watoto waliodhoofishwa na kuharisha. Nilidhani ni mazoea ya wazee tu. Nilimkumbatia wifi yangu mpaka akalalamika.

Mbuyu tulioambiwa una mabuyu mazuri ulikuwa Itsandra, karibu na Moroni, katika shamba la Koko Mwanaisha. Alikuwa bibi mkali, kiziwi wa sikio moja, na tulimkuta jikoni kwake akikuna nazi. Hakutuuliza siasa. Alisikiliza habari ya fizi na kovu, akainuka, akatutolea mabuyu makavu aliyoyaokota yalipoanguka msimu ule. Tulipasua maganda, tukatwanga kwa mkono mwepesi ili kokwa zisipasuke, tukapepeta, tukachekecha. Unga ukashuka mweupe na laini kuliko poda. Nilitia kidogo ulimini, mate yakanijaa. Nikawaza, tunda hili hukauka lenyewe likiwa bado mtini, ndani ya sanduku lake, bila moto wala jiko, na nguvu zake zinabaki humo kungoja atakayezihitaji. Nani alilipanga hivyo?

Langoni, siku tuliyoupeleka, alikuwepo mzungu, mkubwa wao. Alifunua kopo letu, akatazama unga, akanitazama mimi.

"Ni nini hiki?" akauliza kwa Kifaransa.

"Chakula, bwana. Tunda la mbuyu."

"Kula."

Nikachota kiganja kizima, nikaubugia mkavu vile vile. Ulinikwama kooni, nikakohoa, vumbi jeupe likatapakaa kwenye nguo nyeusi za mlinzi aliyekuwa mbele yangu. Eshati alinishika kiuno kwa nyuma. Mzungu akachovya kidole, akalamba. Uso wake wote ukajikunja, jicho moja likafumba. Yule mlinzi, mtoto wa Kikomori, akageukia ukutani na mabega yake yakawa yanacheza.

"Wapelekee," mzungu akasema, akitema mate. "Anayekipenda na ale."

"Mwambie Nassur akoroge kwa maji baridi," nikamnong'oneza mlinzi kopo lilipochukuliwa. "Asitie kwenye moto. Moto unaua nguvu zake."

Sikuwa na hakika kama atalisema. Alilisema, Mungu amlipe. Wiki chache baadaye tulipokea shati ambalo mikono yake ilikuwa na uchafu wa kawaida tu. Eshati alilikunjua juani mara kadhaa, akalinusa, akalikumbatia. Hatukulifua siku hiyo.

Kisha ukaja ujumbe kupitia mlinzi yule yule: ubuyu haumtoshi, kwa sababu anakula na wenzake wote wa chumba. Nassur alikuwa mtu wa namna hiyo. Mabuyu ya Koko yakaisha, na msimu ulikuwa bado. Juu ya mti yalikuwepo mengi, ya kijani, yenye manyoya kama ya mtoto wa paka. Eshati alikwenda Itsandra na vijana wa mtaani wenye miti mirefu na mapanga, nami nikiwafuata, wakidhamiria kuyaangusha yote na kukata matawi yasiyofikika. Koko alisimama mlangoni kwake na mbuzi ya nazi mkononi.

"Hayo mnayoyataka hayajawa chakula," akasema. "Ndani ni maji na uchungu. Mtayatupa."

"Koko, watu wanatoka damu!"

"Nimesikia. Na mwakani mtaokota nini, mkikata matawi?"

"Mwakani watakuwa wametoka," Eshati akasema.

"Inshallah, mjukuu wangu. Na kama hawajatoka?"

Swali lile sote tulikuwa tukilikimbia. Koko akaweka chini mbuzi yake, akamshika Eshati mkono. "Shamba hili ni manyahuli," akasema. Ndiyo mali ya ukoo kule kwetu, inayorithiwa na wanawake, isiyouzwa. "Mama yangu alinikabidhi pamoja na mti wake, nami nitamkabidhi binti yangu. Sina ruhusa ya kula sehemu ya watu ambao hawajazaliwa. Lakini mti huu si peke yake duniani. Kaeni niwatajie wanawake wenye mibuyu."

Basi tukawa watu wa njia. Eshati alizunguka vijiji vya Ngazija, huku akipewa mawili, kule kapu, kila mwanamke akitoa katika akiba aliyookota chini, na hakuna mti ulioguswa kwa panga. Likizo yangu ilipokwisha nilirudi Mutsamudu, nikawa napita milango ya mji mkongwe chini ya ngome nikiomba ubuyu, na hakuna aliyeniuliza unakwenda kwa nani. Walijua. Makopo yalipanda meli, yakafika Moroni, yakapita langoni. Mzungu yule hakuyafungua tena.

Na mwaka uliofuata, mwanangu, walikuwa bado wamo ndani. Kusi ilivuma, na mbuyu wa Itsandra, matawi yake yote yakiwa salama, ukadondosha mabuyu mpaka Koko akakosa pa kuyaweka. Nilipokwenda na kuyaona yametapakaa kwenye majani makavu, mwili ulinisisimka. Nilifikiria yale mapanga, na jinsi ambavyo tungekuwa tumesimama pale mikono mitupu.

Alipotoka hatimaye, Nassur alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Jambo la kwanza alilotaka lilikuwa kwenda Itsandra, na hakwenda peke yake. Waliofungwa pamoja naye, wale walioweza, walikuja nyuma yake wakiwa wamevaa kanzu zao za Ijumaa, wakajipanga mlangoni kwa Koko Mwanaisha kumbusu mkono. Bibi aliwatazama kwa mashaka.

"Hawa ni nani?"

"Hawa ndio waliokula ubuyu wako, Koko," nikamwambia katika sikio lake zima.

Akamwendea wa kwanza, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Hebu cheka nikuone," akasema. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho wa mstari, na kila mmoja wa wanaume wale wazima akamchekea huku machozi yanamtoka.

Sasa nikuambie ulilolijia. Sisemi ubuyu unatibu kila ugonjwa, na atakayekuambia hivyo anataka kukuuzia tu. Ni chakula. Una vitamini C kwa wingi, una chokaa ya mifupa, una nyuzi za kulituliza tumbo, na ukifunikwa pakavu unadumu. Ukitaka kuuza, uza ulio safi, usiuchanganye na unga wa muhogo ili uzito upande, wala usiuanike mahali vumbi la barabara linapotua. Okota lililoanguka au lililokauka lenyewe. Usimfuate anayekuonyesha njia ya panga. Waulize wanawake wenye miti kabla ya kumuuliza mnunuzi anataka magunia mangapi, na uwalipe wao kwanza. Waachie popo chao, na watoto wa njiani chao. Kila msimu panda miche na uizungushie uzio mbuzi wasiifikie, hata kama unajua hutaishi kuyaonja matunda yake. Na magunia yakikosekana mwaka fulani, mwambie mgeni wako hakuna. Neno hilo halijamuua mfanyabiashara yeyote.

Nenda, mwanangu. Mola akupe riziki isiyomwacha mwingine na njaa. Akuimarishie mifupa yako na ya wanao, aushone mwili wako kila siku kwa uzi wa halali, na miti utakayoipita iseme kwa Mwenyezi Mungu kwamba ulipita kwa wema. Amina.