Kipepeo wa Bahari Ndani ya Beseni

Juzi, kwa daktari wa meno hapa Kitengela, niliona kwenye tangi la vioo samaki mdogo wa manjano, bapa kama kisahani, mstari mweusi ukipita juu ya jicho. Alikuwa peke yake, akidonoa matumbawe ya plastiki. Nikamwambia msichana wa mapokezi kwamba yule ana njaa.

"Guka, huyo hula kila asubuhi," akacheka, akiniita babu kwa Kikuyu. "Mdomo wake ndio uko hivyo."

Mdomo huo naujua. Baba alikuwa dereva, akisafirisha samaki wa mapambo kutoka pwani hadi uwanja wa ndege. Siku moja alipita nyumbani na samaki kama huyo, aina ya kipepeo, aliyefiwa na mwenzake njiani. Hawa huishi wawili wawili, na mnunuzi hakumtaka mmoja.

"Mtunzeni," akasema. "Safari ijayo nitamletea mwenzake."

Kitengela ya wakati huo ilikuwa nyasi, vumbi na mabati machache yaliyolia upepo ukivuma. Mama alimweka kwenye beseni la kufulia, na maji yake ya bahari. Mchana alizunguka. Jioni rangi ilififia, akajibana chini ya jiwe tulilomwekea. Tulimpa ugali, tukampa wadudu. Hakugusa. Alidonoa lile jiwe tu, na hatukujua kwamba chakula chake ni matumbawe yaliyo hai.

Jirani yetu, bibi wa Kimaasai aliyetuuzia maziwa, tuliyemwita kokoo, alikuja kumtazama. Doa jeusi karibu na mkia lilimchekesha. "Hii iko na macho mbele na nyuma, kama mwizi!" Kisha akaona tumbo lilivyobonyea, akasema tumpe magadi. Ng'ombe wake wakikataa kula, aliwapa magadi walambe. Basi huyu wa maji ya chumvi je? Mama akakubali. Mimi ndiye niliyemwaga konzi ya magadi beseni.

Maji yakawa na utelezi kama ya sabuni. Samaki akapanda juu, akahema, akalala ubavu. Kokoo alimsukuma kwa kidole, polepole, kama ndama dhaifu. "Simama, mtoto. Simama." Hakusimama. Tukamwaga kila kitu nje, mlangoni.

Laiti tungalingoja siku moja tu! Kesho yake Baba aliingia na mfuko wa plastiki mkononi, yule mwenzake akizunguka ndani. Hakutugombeza. Aliuliza tu maji ya bahari yako wapi, ya kumwekea huyu.

Nikamwonyesha udongo wa mlangoni.

Hapakuota nyasi tena pale, mpaka tulipouza kiwanja. Baba, Mama na kokoo wamekwenda. Siku hizi pana ghorofa.