Godoro la Mgeni Ajaye

Baba yangu alikuwa fundi magodoro, na mtaa mzima ulimwita Mzee Godoro. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye meza mbili, cherehani ya miguu na viroba vya sufi vilivyorundikwa hadi darini. Tulivaa sufi, tulikula sufi, tulipiga chafya za sufi. Mwalimu wangu aliwahi kuniuliza kama nyumbani tunafuga kuku, kwa jinsi nywele zangu zilivyokuwa. Mimi utotoni nilikuwa na tabia ya kuanguka kitandani, basi Baba akanishonea godoro lenye ukingo ulioinuka upande wa nje, ili nikibingirika nirudi ndani. Ila kinyozi hajinyoi: godoro lake mwenyewe lilikuwa na shimo katikati, na Mama alilala pembezoni kama mtu anayeogopa kutumbukia kisimani.

Meza ya dirishani ilikuwa ya Shangazi. Yeye ndiye aliyeshona mifuko ya magodoro, na ndiye aliyemlea Baba tangu wazazi wao walipofariki, maana alikuwa dada mkubwa. Walifanya kazi huku wakibishana kutwa nzima, mara uzi ni mwembamba, mara mshono umepinda. Sauti ya ubishi ule naikumbuka kuliko wimbo wowote niliowahi kuimbiwa.

Kisha Shangazi akaenda mafungo huko shamba, kwenye jumuiya ya Wakristo wanaoishi bila umeme wala redio, wanaolima, wanaosali na kula chungu kimoja. Alikwenda kwa siku chache tu. Aliporudi, akaanza kufungasha nguo zake.

"Umekosa nini hapa, Dada?" Baba alimuuliza.

"Sijakosa kitu, mdogo wangu. Vimezidi."

Nadhani Baba angemsamehe yote, mpaka aliposikia kwamba kule wanalalia nyasi. "Dada wa Mzee Godoro analalia nyasi! Wateja wakijua nitaficha wapi uso wangu?" Akaapa hatakanyaga huko. Na kwa kununa, Baba hakuwa na mpinzani. Mama ndiye aliyekuwa akinipeleka kumwona Shangazi kila likizo. Tukirudi, Baba haulizi kitu, lakini anazungukazunguka mlangoni mpaka Mama amwonee huruma na kusema, "Mzima. Anakusalimia."

Miaka ikaenda. Mimi nikaolewa, Mama akafariki, na karakana yenye meza mbili ikabaki na mtu mmoja. Siku moja Baba akanijia kwangu amevaa koti lake la kanisani.

"Twende tukamchukue dada yangu," alisema. "Amezeeka. Na mimi nimechoka kubishana na cherehani."

Kwenye pikapu ya kukodi alikuwa amefunga godoro jipya la sufi, zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Nikamuuliza la nini, kama kweli tunakwenda kumrudisha. Akaangalia pembeni. "Akikataa, basi angalau alalie hilo."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe unapewa kabla hujakaa. Ilikuwa saa ya ukimya, hakuna aliyesema neno. Baba alipewa kapu la viazi na kisu, akaketi kwenye benchi anamenya, amefura kwa maneno aliyoyabana njia nzima. Kengele ilipolia, Shangazi akatoka bustanini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono imejaa udongo. Alimtazama Baba, akanyoosha kidole, akamtoa sufi kwenye nyusi.

"Mpaka leo hujui kujipangusa," alisema.

Alilikagua lile godoro kila upande, akasifu mshono, akashukuru. Halafu akaomba lipelekwe kwenye chumba cha wagonjwa.

"Nimekushonea wewe!" Baba alipaza sauti.

"Hapa hakuna cha mtu mmoja, mdogo wangu."

"Basi twende nyumbani."

"Niko nyumbani."

Baba akaingia chumba cha wageni bila kuaga mtu. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoano ya kutundikia koti na godoro la nyasi, basi. Mimi nililala chumba cha pili nikisubiri kumsikia akigeukageuka na kulalamika, lakini sikusikia kitu. Asubuhi kengele ililia, watu wakasali, chai ikanywewa, Baba bado amelala.

Alipotoka, Shangazi akamweleza desturi ya pale: mgeni kabla ya kuondoka humwaga nyasi za zamani na kumjazia mpya mgeni ajaye.

"Anakuja nani?"

"Hatujui."

"Na langu alijaza nani? Huyo ni fundi. Ameongeza nyasi pale begani kushoto, ninapoumia tangu nilipoanguka na ngazi. Sijalala vile tangu mama yake huyu afariki."

Shangazi alikuwa akipanga nyasi, hakuinua uso. "Wageni wanajaza ovyo. Wakiondoka, huwa nafumua na kujaza upya. Kila nikijaza nasema, labda safari hii anayekuja ni yeye."

Miaka yote ile, watu wasiotujua walikuwa wamelalia bega la Baba yangu. Baba aliketi palepale chini, akalia mbele yetu bila kuona haya, na hakumwomba tena arudi. Akavua koti, akaanza kujaza. Shangazi akashika sindano. Haikupita muda nikasikia, "Dada, uzi huo ni mwembamba," na jibu, "Wewe jaza, mshono niachie mimi." Nikaenda kusimama nyuma ya ukuta ili niwasikilize vizuri.

Tangu hapo Baba alikwenda kila mwaka kabla ya mvua, mpaka mwaka ule alioondoka kule akarudi nyumbani na homa, na homa ikamchukua. Shangazi alikuja kumzika mdogo wake. Mvua zilipopungua nikamrudisha. Barabara ilikuwa imefungwa na matope muda wote ule, hakuna mgeni aliyekuwa amefika.

"Godoro hilo alijaza baba yako," aliniambia mlangoni mwa chumba cha wageni. "Nimeshona mdomo tu. Mengine sijagusa."

Nilizima taa ya mafuta, nikajilaza. Nikanyoosha mkono gizani kutafuta mwisho wa kitanda. Upande wa nje, ukingo ulikuwa umeinuka.

Nililia mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi nilipaswa kulimwaga na kumjazia mgeni ajaye. Nilimfuata Shangazi bustanini, nikamwomba nikae siku moja zaidi. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa jembe.