Maharage ya Mama na Maji ya Bomba Langu

Shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu wengi waliomaliza bado wamepanga vyumba na mimi nimejenga. Nilianza kwa kubeba matenga ya dagaa ya watu kutoka ufukweni. Leo dagaa ni wangu, na lori linalowapeleka Kasulu ni langu. Nyumba yangu pale Ujiji ina bomba jikoni, bomba bafuni, bomba uani. Baba alipofariki nilipanda milimani Kalinzi mwenyewe, kijijini kwetu, nikamleta mama, nikampa chumba chenye vigae na bomba lake peke yake. Nilimwambia kazi yake sasa ni moja tu, kukaa na kutunzwa.

Tatizo lilikuwa maji. Mtaa wetu maji ya bomba ni magumu. Ukifua, sabuni haitoi povu, inaganda juu ya beseni utando wa kijivu. Birika jipya halichukui muda, ndani limeota gamba jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na ukimimina chai vinateremka nayo vipande. Kanzu yangu ya Ijumaa ikikauka inasimama yenyewe. Mimi nilikuwa nimezoea. Ukiwa na bomba ndani ya nyumba unalalamika nini? Lakini mama amekulia kwenye chemchemi za Kalinzi, maji mepesi, na kilichomshinda hasa ni maharage. Mke wangu aliyaweka motoni asubuhi, adhuhuri yakawa bado yanagonga meno. Akatia magadi, yakapondeka kwa nje na kuteleza kama sabuni. Mama akala kidogo, akashukuru, akaosha mikono.

Wiki iliyofuata akaanza kwenda kwa jirani.

Huyu jirani ni fundi cherehani, rika langu. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, bomba hana, ila amekunja mabati mwenyewe akafanya mifereji chini ya paa, na mvua yote inaingia kwenye mapipa. Kwa hayo maji ya mvua, maharage ya mkewe yalikuwa laini na chai yake nyekundu safi. Mama akawa anarudi kwangu jioni ameshiba. Mke wangu akipakua, yeye anasema, ah, mimi nimeshakula kwa mwanangu fundi.

Mwanangu fundi. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki kuhe. Mimi ndiye niliyemjengea chumba, mimi ndiye nimemnunulia godoro, halafu uana anapewa mtu wa mapipa. Sikulala vizuri. Siku moja nilimfuata mama nikamkuta kwenye kigoda uani kwa fundi, kilemba amevua, mke wa fundi anamwosha nywele, povu limemfika masikioni, na mama anacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliona nywele za mama. Zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote. Fundi akaniamkua kwa heshima, akanisihi nichukue ndoo mbili za mvua kwa ajili ya mama. Nikamjibu kwamba kwangu maji hayajawahi kukatika.

Basi nikawa naombea kiangazi. Nasema kweli, watu wanaomba mvua, mimi naangalia mawingu yakipita kwenda Kongo nafurahi. Na kiangazi kikaja, mapipa yakakauka, fundi na mkewe wakaanza kuja na madumu kwenye bomba langu la uani. Niliwaruhusu wachote wapendavyo. Nilitaka mama ayaone maharage yao yakiwa mawe kama yangu.

Mama hakurudi kula kwangu. Aliendelea kwenda, na harufu iliyovuka ukuta ilikuwa ya maharage yaliyoiva. Maji yangu, mboga yao. Hapo nikashindwa, nikaenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikamkuta mama jikoni, magoti chini, anamimina maji taratibu kutoka chungu kimoja kwenda kingine. Aliyachemsha jana, akayaacha yatulie, na chini ya chungu cha kwanza kulibaki tope jeupe, lile lile la birika langu. Maharage yalikuwa yameshalowekwa usiku kucha. Mke wa fundi anachochea moto, wanasengenya mtu.

Nikamuuliza, "Mama, nyumbani umekosa nini?"

Hakuinua kichwa, asije akatibua chungu. "Sijakosa kitu. Kwako nimekaa kama bibi harusi. Nikishika kijiko, mkeo ananinyang'anya, anasema baba watoto ameagiza."

"Niliagiza upumzike."

"Nimepumzika," akasema. "Sasa nimechoka."

Mke wa fundi akajifanya anakohoa, nikajua anacheka. Nikasema kwamba jiko langu ni kubwa kuliko lile, na kuanzia kesho ni lake, hata mke wangu atasimama pembeni. Mama akaniuliza kama nina vyungu. Nikamwambia nina masufuria ya kila saizi. Akasema masufuria hapana. Jioni hiyo hiyo nilimnunulia vyungu.

Siku ya kwanza aliyopika kwangu nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Maharage yalivunjika ulimini, mchuzi mzito, na maji yalikuwa ya bomba langu. Nikamwambia hakuna mtu Ujiji hii anayekula hivi. Yeye alikuwa ameshasimama, anapakua bakuli lingine, anafunika na sahani.

"Mpelekee mwenzako yakiwa ya moto," akasema. "Na umwambie mama anamsalimu."

Nilimwambia sawa. Alipogeuka nikayahamishia kwenye bakuli dogo, yaliyobaki nikayarudisha chunguni, nikatoka.