Kamera Yangu ya Mtumba Kwenye Harusi ya Sagalla

Mnaoniuliza kama kamera ya zamani ya mirrorless bado inafaa kununuliwa, ngojeni niwaambie ya leo.

Binamu yangu alikuwa anaolewa huko Sagalla. Nilibeba kamera yangu ya mtumba, na rafiki yangu Wakesho akabeba simu yake mpya, ananicheka njia nzima.

Tulipofika kanisani, mzee wa kanisa akatangaza: "Wenye simu wakae. Mwenye kamera apite mbele."

Nikapita. Wakesho akabaki nyuma, amenuna.

Bibi harusi akaingia. Nikabonyeza. Kimya. Betri imekufa.

Sasa ningefanya nini, na kanisa zima linaniangalia?

Nikaendelea kubonyeza hivyo hivyo. Nikachuchumaa. Nikapanda benchi. Shangazi akakipanga kilemba chake mara tatu, akidhani nampiga picha.

Tulipotoka nikamnong'onezea Wakesho, "Nitumie zako, tafadhali."

Akanipa simu nijionee mwenyewe. Picha zote ni mgongo wangu.

Kwa hivyo nunueni tu hiyo mirrorless. Picha zake bado ni safi, na njia mtapewa. Lakini jamani, mbebe betri mbili.

Na kama kuna aliyempiga picha bibi harusi akiingia, anitumie kabla shangazi hajaulizia zake.